Mteremko

Bi Somoe Likwata kafika Mitengo, jicho moja kalifumba,
kanga kaivutia usoni kama anayeona haya.
"Nikiyafumbua yote," alisema, "daktari mko wawili,
na sijui nimjibu yupi."
Nikamwambia anijibu mimi wa kushoto.
Akacheka. Mjukuu wake Chilumba hakucheka.

Miezi saba, huko Tandahimba, alibangua korosho mbili mbili,
moja ya kweli, moja ya macho,
na kisu kikiangukia ile isiyokuwepo.
Jioni, mizanini, zilizopasuka hulipwa nusu.
Vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda,
na kwenye kidole cha shahada kovu jipya, bado jekundu.

Nilimlaza ndani ya sumaku. Usitikisike, bibi,
itagonga kama watwangaji wasiojua kupokezana.
Kisha nikakaa gizani na kichwa chake.

Chini ya ubongo, fuvu linapoikaribia shingo,
kuna mfupa tuliofundishwa kuuita mteremko.
Mimi mzaliwa wa Newala sikuhitaji kufafanuliwa:
kwetu ardhi hufika ukingoni ikashuka ghafla,
na maji yako chini.
Mama aliushuka na ndoo tupu, akaupanda na ndoo kichwani,
na shingo yake ikawa fupi mapema.

Juu ya mteremko wa Bi Somoe kuna kitu kimejenga.
Kimeikalia neva ya sita, uzi mwembamba
unaolivuta jicho kutazama nje;
ndiyo maana dunia yake imejirudia.

Wako wawili wanaofanana hivi, wote wageni adimu.
Mmoja ni masalia ya uti uliotangulia uti,
uzi wa tumboni mwa mama, uliopaswa kuyeyuka
na haukuyeyuka wote.
Mwingine ni gegedu iliyosahau kuacha kukua.
Wote hung'aa weupe. Wote hula mfupa.
Ila wa kwanza hung'ang'ania, ukimtoa hurudi,
na wa pili aghalabu humwacha mtu azeeke.
Bi Somoe ana miaka sitini na miwili. Azeeke tena.

Katikati au pembeni? Wa uzi hupenda katikati.
Huyu kaegemea kushoto, kwenye mwanya wa mifupa,
lakini si sana, si kwa kuapia.
Nikarudi kwenye sitiskani: chembe za chokaa,
vijipete, nusu pete.
Au ni mfupa uliobomolewa, umebaki vifusi?
Nilitazama mpaka chai ikaota utando.

Mwisho nikafungua picha inayopima mwendo wa maji.
Hiyo haiulizi maji yako wapi. Inauliza yanatembeaje:
yamebanwa, bega kwa bega, kama foleni ya bombani,
au yanazurura.
Nikaweka kiduara. Namba ikapanda.
Nikakisogeza. Ikapanda.
Nikasogeza mara ya tatu, kwa uoga tu.
Yanazurura.

Niliandika: *inaelekea ni gegedu.*
Nikalifuta neno *inaelekea*. Nikalirudisha.
Kipande kitakachokatwa Dar ndicho kitakachosema;
mimi nimesoma kivuli, na kivuli hakina jina la ukoo.

"Hicho ulichokiona," aliuliza, "ndicho kibaya au ndicho kizuri?"
"Ndicho afadhali, bibi."
Akalishika neno hilo, akaligeuza, akalitafuta ufa.
"Daraja la pili, basi," alisema. "Hata hilo lina bei."

Nje, ngazini, alisimama na bahasha kubwa kwapani.
Vidato vitatu, kwake sita.
Chilumba akanyosha mkono; hakuutaka.
Akafumba jicho la kushoto,
akachagua,
akashuka.